Pripregi ya nyuzi za kioo katika joto la Mtwara: tuanze na friza kabla ya kuzungumzia kalibu

Fundi wa Mikindani (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu mafundi, salaam. Mafundi wa boti wa Mtwara na Lindi wamekuwa wakiniuliza mara kwa mara kuhusu vitambaa vya nyuzi za kioo ambavyo hutoka kiwandani vikiwa vimekwisha kunyweshwa rezini, yaani pripregi. Karibu wote huanza kwa kuuliza kalibu, yaani umbo la kufinyangia kipande, itengenezwe kwa kitu gani na tanuri lifike joto gani. Maswali hayo ni ya msingi, na nitayafikia. Hata hivyo, kwa mazingira yetu ya pwani ya kusini naamini swali linalotangulia yote ni hili: utaitunzaje pripregi hiyo tangu inaposhushwa garini hadi inapolala kwenye kalibu? Asiyekuwa na jibu la swali hilo asitumie fedha zake kununua hata jora moja.

Kwa asiyeifahamu, faiba tuliyoizoea hutengenezwa kwa kutandaza mati juu ya kalibu, kuchanganya rezini ya poliesta na katalisti ndani ya ndoo, kisha kuilowesha mati kwa brashi na rola. Kiasi cha rezini hutegemea mkono wa fundi, na kwa kawaida kioo huwa asilimia 25 hadi 35 tu ya uzito wote. Katika pripregi, kazi ya kulowesha imefanywa na mashine kiwandani, kioo huwa karibu asilimia 60 hadi 70 ya uzito, na uwiano huo haubadiliki kutoka mita moja ya jora hadi nyingine. Rezini yake, ambayo mara nyingi ni epoksi, imekwisha kuchanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Hadina inayotumika sana ni unga uitwao disiandiamidi, ambao chembe zake haziyeyuki ndani ya epoksi katika joto la kawaida, bali husubiri joto kubwa ndipo ziyeyuke na kuanza kazi. Aina nyingi huongezewa kichochezi ili ziive, yaani zigande na kuwa ngumu, kwenye nyuzijoto 120 badala ya kusubiri 170 au 180, na zipo nyingine zinazoiva kwenye 80 au 90 kwa muda mrefu zaidi. Mtu asidhani kwamba ni bidhaa ya ndege peke yake, kwa maana hata bodi ya saketi iliyomo ndani ya simu unayosomea uzi huu imetengenezwa kwa tabaka za pripregi ya kioo na epoksi zilizobanwa katika presi ya moto.

Hadina hiyo hailali kabisa. Huendelea kufanya kazi polepole hata rafuni, na ndiyo sababu watengenezaji huagiza pripregi ihifadhiwe kwenye friza la nyuzijoto 18 chini ya sifuri, ambako aina nyingi hudumu miezi 6 hadi 12. Nje ya friza, karatasi ya maelezo huipa muda wa kazi unaohesabiwa kwa siku au wiki, na muda huo hupimwa katika chumba cha nyuzijoto 20 au 21. Hapa ndipo sisi wa kusini tunapopaswa kusoma kwa makini. Kanuni ya makadirio ya wanakemia ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya mmenyuko wa namna hii huongezeka karibu maradufu. Pripregi iliyopewa siku 20 katika chumba cha nyuzijoto 20 isihesabiwe kuwa na zaidi ya siku 10 katika karakana ya nyuzijoto 30, na chini ya bati lisilo na dari, mchana wa mwezi wa pili, hata hizo 10 ni nyingi mno.

Kwa hiyo kila mfuko wa pripregi katika karakana yetu una kadi iliyogundishwa kwa nje. Anayeutoa kwenye friza huandika saa aliyoutoa na joto la chumba, na anayeurudisha huandika saa aliyourudisha. Saa hujumlishwa, na zikikaribia kikomo, nyenzo hiyo hutumika kwa vitu visivyobeba mzigo au huachwa kabisa. Jora likifika, hukatwa mapema katika vifurushi, kila kifurushi kikitosha kipande kimoja, ili tusiyeyushe jora zima kwa ajili ya kifuniko kimoja cha injini. Naisisitiza kadi hiyo kwa sababu pripregi iliyozeeka inaweza kufanana kwa macho na iliyo mpya. Dalili hujitokeza unapoishika: mnato umepungua, kitambaa kimekuwa kikavu na kigumu, na ukikilaza kwenye kona hakilali, bali hujiinua.

Safari nayo ni sehemu ya saa hizo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni takribani kilomita 560, na jora moja lililoletwa kwetu kwa basi lilikuwa limefungwa vizuri, likiwa na maandishi makubwa ya kuagiza liwekwe kwenye ubaridi. Msafirishaji aliliweka ndani ya buti upande wa injini. Tulipolifungua, kingo za upande mmoja zilikuwa zimekakamaa kama ngozi ya ngoma, ilhali katikati bado palikuwa na mnato. Tangu hapo hatupokei jora lolote lisilo na kifaa kidogo cha kurekodi joto ndani ya sanduku, kwa sababu kinasema ukweli ambao dereva hawezi kuusema.

Nikija kwenye ulazaji wenyewe, usafi ni nusu ya kazi. Kila tabaka lina karatasi ya kinga pande mbili, na mafuta ya kiganja yakigusa kitambaa, tabaka linalofuata halitashika vizuri mahali hapo, kwa hiyo glavu ni za lazima. Kata kwa kigezo cha karatasi ngumu na kisu chenye wembe mpya, karatasi za kinga zikiwa bado zimo. Bandua upande mmoja, laza, sukuma kuanzia katikati kuelekea kingo kwa kipande cha plastiki, kisha bandua upande wa pili. Hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba hakuna kipande cha karatasi kilichobaki, kwa kuwa karatasi iliyosahaulika kati ya tabaka mbili huzitenganisha milele. Hesabu karatasi ulizobandua, ziwe mbili kwa kila tabaka ulilolaza. Nyuzi za kioo zina fadhila moja ambayo nyuzi za kaboni hazina: unaona ndani. Rezini inapolala vizuri, kitambaa huwa kama kioo chenye maji, na hewa iliyonaswa hujitokeza kama doa jeupe. Ukiliona doa hilo kabla ya kuongeza tabaka, bado una nafasi ya kulitoa.

Unene nao unaweza kuukokotoa kabla ya kukata. Kitambaa cha gramu 300 kwa mita ya mraba, kioo kikiwa nusu ya ujazo, kikiiva hutoa takribani robo ya milimita, hivyo tabaka 8 hukaribia milimita 2. Zipange kwa ulinganifu kutoka katikati, yaani mwelekeo wa nyuzi upande wa juu uwe sawa na wa chini. Ukiukiuka mpangilio huo, kipande kitatoka kwenye tanuri kikiwa kimejipinda, na hakuna msasa utakaokinyoosha.

Baada ya kila tabaka tatu au nne, funika kwa nailoni na uvute kwa pampu ya ombwe kwa dakika 10 hadi 15 ili hewa itoke na tabaka zikandamane. Mwishoni unakuja mfuko kamili: kitambaa cha kubandua, nailoni yenye vitobo, kitambaa kinene cha kupitishia hewa, kisha nailoni ya nje iliyofungwa pembeni kwa utepe wa kunata. Vuta, funga vali, uitazame geji. Wengi huruhusu upungufu usiozidi takribani milibaa 30 (kipimo cha shinikizo) katika dakika 5. Geji ikishuka kuliko hapo, usiingize kitu tanurini. Zima feni na redio, usogeze sikio kwenye utepe, na utasikia mluzi mwembamba mahali nailoni ilipokunjamana.

Karibuni kwa maswali. Kuhusu kalibu na tanuri nitaandika kadiri yatakavyojitokeza.

Mjenga Boti wa Lindi

Fundi mkuu, nakushukuru kwa maelezo mazito. Mimi nimejenga boti za faiba kwa mati na poliesta kwa miaka mingi hapa Lindi, na wavuvi wangu wanazitumia kuanzia kaskazi hadi kusi bila ya kurudi kulalamika. Kwa moyo safi nauliza: friza, tanuri, pampu na nailoni hizo zote zinaongeza nini ambacho mati haikipi? Isije ikawa tunawaingiza vijana katika gharama kwa sababu tu kitu kinaitwa cha kisasa.

Fundi wa Mikindani

Kaka, swali lako ni la haki, na jibu langu la kwanza huenda likakufurahisha: kwa mwili wa boti ya uvuvi, endelea na mati na poliesta. Boti ya mita nane haihitaji pripregi. Uzito wake si tatizo la mvuvi, na ikitobolewa na mwamba huko Mchinga itatengenezwa palepale ufukweni kwa vifaa vinavyopatikana. Atakayewashauri wajenzi wetu wahamishie miili ya boti kwenye pripregi atakuwa hawatakii mema.

Ninazungumzia vipande vinavyobeba mzigo mkubwa katika umbo dogo, na vile vinavyopaswa kufanana kila kimoja. Chukua bapa la usukani. Likitengenezwa kwa mati huwa nene na zito, na nyuzi zake fupi zimetawanyika kila upande, hivyo ni chache tu zinazopinga mkunjo unaolivunja. Kwa pripregi unalaza nyuzi nyoofu kutoka juu hadi chini ambako nguvu inapita, kisha unazifunika kwa kitambaa kilichogeuzwa digrii 45 kila upande ili kuzuia kujisokota. Bapa la pili litakuwa na uzito uleule wa bapa la kwanza, na mteja akivunjiwa lake unaweza kumpa jingine linaloingia kwenye bawaba zilezile bila ya kuchonga.

Humo ndani, hata hivyo, angalia unachojaza. Povu jeupe la masanduku ya samaki halistahimili hata nyuzijoto 100, hivyo tanuri la 120 litaliporomosha na usukani utatoka ukiwa mtupu. Mbao nazo hubeba unyevu, na unyevu huo ukipata joto chini ya ombwe hutoka kama mvuke na kuingia kwenye rezini. Tumia povu la PVC la daraja ambalo mtengenezaji wake ameandika kwamba linahimili joto lako la kuivisha, na hata hilo likaushwe kwanza.

Mwalimu wa Ufundi

Ndugu Fundi wa Mikindani, hongera kwa uzi huu. Ninafundisha ufundi hapa Mtwara, na ningependa kuongeza jambo ambalo umeligusa kwa mbali, nalo ni unyevu wa hewa yetu, kwa maana kwa maoni yangu ni adui mkubwa kuliko joto lenyewe.

Hewa ya nyuzijoto 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo wakati wa masika tunaiona kuwa ya kawaida kabisa, huanza kutoa umande juu ya kitu chochote kilicho na ubaridi wa chini ya nyuzijoto 26. Jora linalotoka kwenye friza likiwa nyuzi 18 chini ya sifuri likifunguliwa mapema litalowa mbele ya macho yako, kwanza kwa ukungu mweupe juu ya karatasi ya kinga, kisha kwa matone yanayojikusanya kwenye mikunjo. Kwa hiyo mfuko ubaki umefungwa kabisa hadi jora lote, pamoja na katikati yake, lifikie joto la chumba, na kwa jora kubwa muda huo ni usiku mzima. Katika chumba chetu cha kawaida hata nyuzijoto 24 hazitoshi, kwa sababu bado ziko chini ya kiwango cha umande. Chumba chenye kiyoyozi cha nyuzijoto 22 na unyevu wa asilimia 60 hubadilisha hesabu hiyo, kwani humo umande huanzia karibu nyuzijoto 14. Mwenye fedha za kununua kimoja kati ya kiyoyozi na meza nzuri ya kukatia, anunue kiyoyozi.

Madhara ya maji hayo huonekana tanurini. Kwenye nyuzijoto 120, mvuke wa maji una shinikizo la karibu baa 2. Mfuko wa ombwe, hata ukiwa mzuri namna gani, hauwezi kukandamiza kwa zaidi ya baa 1, kwa kuwa kinachoukandamiza ni hewa ya anga tu. Maji yaliyojificha ndani ya rezini yanaweza basi kuushinda mfuko na kuwa viputo, na viputo hivyo huganda humo humo. Viwanda vya ndege huyazuia kwa otoklevu, yaani tanuri la shinikizo, inayokandamiza kwa baa 3 hadi 7. Sisi tusio na otoklevu hatuna pa kupunguzia maji isipokuwa kabla ya moto, kwa kutunza ukavu na kwa kuuacha mfuko chini ya ombwe kwa saa kadhaa katika joto dogo kabla ya kupandisha. Nashauri pia kwamba mwanzoni mtu achague pripregi iliyotengenezwa mahususi kwa mfuko wa ombwe na tanuri la kawaida, kwa sababu nyingi zinazouzwa kwa bei ya kuvutia zilikusudiwa kwa otoklevu.

Fundi wa Mikindani

Mwalimu, nashukuru sana. Hoja ya shinikizo la mvuke ndiyo hasa iliyokuwa inakosekana, na naomba anayesoma uzi huu kwa haraka airudie aya ile ya mwisho. Nakubaliana nawe pia kuhusu kiyoyozi. Ningeongeza tu kwamba chumba cha kukatia kiwe kidogo na chenye dari, ili kiyoyozi kisishindane na bati.

Binti Mchinga

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi, na nimeanza mazoezi katika karakana moja inayotumia epoksi. Nimeona wenzangu wawili wametokwa na vipele vyekundu mikononi hadi viwikoni, nasi tumeambiwa kwamba ni kuwashwa kwa faiba tu na kwamba mwili utazoea. Je, ni kweli? Na je, pripregi ina nafuu kwa upande huo?

Mwalimu wa Ufundi

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza, na naomba ulichukulie jambo hili kwa uzito. Mambo hayo ni mawili tofauti. Vumbi la kioo huwasha kwa sababu vipande vidogo vya nyuzi huchoma ngozi, na mwasho huo hupungua ukioga kwa maji baridi na sabuni. Epoksi isiyoiva, pamoja na hadina zake, inaweza kuufanya mwili ujenge mzio, na mzio huo hauzoeleki. Unavyoendelea kuigusa ndivyo unavyozidi, na wapo waliolazimika kuiacha kazi hii kabisa kwa sababu hiyo. Wenzako waache kuigusa kwa mikono mitupu leo hii, na wamwone daktari wa ngozi wakimweleza wazi kwamba wanafanya kazi na epoksi.

Pripregi ina nafuu kiasi, kwa kuwa hakuna ndoo, hakuna kumwagika, na mvuke wake katika joto la kawaida ni mdogo. Lakini rezini yake ni epoksi ileile isiyoiva, hivyo glavu za nitraili zivaliwe na zibadilishwe zinapochafuka. Mikono isioshwe kwa tina wala asetoni, maana vimiminika hivyo huondoa mafuta ya ngozi na kuipitisha rezini ndani. Kipande kilichoiva kikikatwa kwa grenda, vaa barakoa ya vumbi laini na miwani, na vumbi lifyonzwe au lilowanishwe kwa maji, lisifagiliwe likiwa kavu.

Pwani Kusini

Nimesoma yote kwa heshima, lakini naomba kutofautiana. Kitambaa kikavu cha kioo hakihitaji friza, hakina saa, na kinaweza kusafiri kwenye buti la basi lolote bila ya kudhurika. Ukikifunga ndani ya mfuko wa ombwe kikiwa kikavu, kisha ukafyonza rezini kutoka kwenye ndoo hadi ikienee chote, unapata kioo asilimia 60 na zaidi kwa uzito, karibu sawa na hiyo pripregi yenu, na unaweza kutumia kalibu ya kawaida kwa sababu huhitaji nyuzijoto 120. Kwa mkoa ambao umeme wake tunaujua, kwa nini tusiwaelekeze vijana huko moja kwa moja?

Fundi wa Mikindani

Mkuu, hoja yako ina nguvu, na sitaki uzi huu usomeke kana kwamba naipinga njia ya kufyonza. Kwa vipande vikubwa na bapa, kama sakafu ya boti au milango ya ghala, ningechagua njia yako bila ya kusita. Tunapotofautiana ni kwenye vipande vidogo vyenye kona nyingi na unene unaobadilika. Katika kufyonza, rezini hufuata njia iliyo rahisi. Inaweza kukimbia pembeni na kuliacha eneo la katikati likiwa kavu, nawe hugundui hadi rezini inapoanza kuganda ndani ya bomba. Joto letu nalo hufupisha muda wa ndoo kama linavyofupisha muda wa jora, tofauti ikiwa kwamba ndoo huhesabiwa kwa dakika. Pripregi hunipa nafasi ya kulaza kipande asubuhi yote bila ya haraka, nikikagua kila tabaka, na kuamua mwenyewe moto uanze lini. Kwa bapa la usukani na kana yake, nathamini utulivu huo kuliko ninavyolalamikia friza.

Ulichosema kuhusu kalibu ni kweli, na kinanipa nafasi ya kutimiza ahadi yangu. Kalibu ya poliesta ya kawaida hulegea kati ya nyuzijoto 60 na 80, kwa hiyo haifai hata kwa pripregi ya joto dogo. Inatakiwa kalibu ya epoksi ya joto la juu iliyoivishwa hatua kwa hatua hadi kupita joto la kazi, au ya chuma, au ya alumini. Alumini hupata moto haraka na huchongeka kwa urahisi, lakini hutanuka mno: urefu wa mita 2 ukitoka nyuzijoto 30 hadi 120 huongezeka kwa milimita 4 na ushee, wakati chuma huongezeka kwa takribani 2, sawa na kioo chenye epoksi. Kwa kifuniko kidogo tofauti hiyo haina neno. Kwa bapa refu lenye kingo zinazokumbatia kalibu, kipande kinaweza kubanwa kalibu inapopoa na kusinyaa, kwa hiyo kuta ziachiwe mteremko wa digrii 3 hivi na kona za ndani ziviringwe, zisiwe kali. Nta ya kanauba tuliyoizoea huyeyuka kwenye nyuzijoto 82 hadi 86, basi tumia dawa ya kuachishia kalibu inayohimili moto, na uipake mara nyingi kwa kalibu mpya.

Mjenga Boti wa Lindi

Nimeridhika na jibu la usukani, na nakiri kwamba nina wateja wawili ambao lingewafaa. Limebaki hili la umeme. Tanuri likiwa katikati ya kazi na umeme ukakatika, kipande ndiyo kimekwisha? Na je, naweza kujenga tanuri la gesi ya mitungi badala ya umeme?

Fundi wa Mikindani

Kaka, moto wa gesi usiuweke ndani ya chumba kilichomo kipande. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, ulimi wa moto hutoboa nailoni, na joto huwa kali upande mmoja na pungufu upande mwingine. Kama ni lazima gesi itumike, iunguzwe nje na hewa ya moto ipitishwe kwenye kibadilisha joto. Tanuri la umeme unaweza kulijenga mwenyewe kwa bati mbili zenye sufi ya mwamba katikati, waya za moto chini au pembeni, na feni inayozungusha hewa muda wote. Feni hiyo ni muhimu kuliko idadi ya waya. Weka themokapo kadhaa, yaani vipima joto vya waya, juu ya kalibu yenyewe, hasa mahali palipo na chuma kingi, na saa ya kuivisha uianze pale penye ubaridi kuliko kwingine panapofikia joto lililoandikwa. Themokapo inayoning'inia hewani itakuambia kazi imekwisha ilhali kitovu cha kalibu bado kiko nyuzijoto 95. Pandisha kwa nyuzi 1 hadi 3 kwa dakika. Kwa kipande kinene sana panda polepole zaidi na usimame njiani, kwa sababu epoksi inapoiva hutoa joto lake yenyewe, na tabaka za katikati zinaweza kuungua ilhali geji ya tanuri imetulia.

Umeme ukikatika, kitu cha kuokoa kwanza ni ombwe, na joto lifuate baadaye. Funga kati ya pampu na mfuko tangi tupu la chuma lenye vali isiyorudisha hewa, tangi lililotengenezwa kuhimili ombwe, nawe utakuwa na akiba ya kuushikilia mfuko wakati unawasha jenereta. Pampu ndogo inaendeshwa na jenereta ya kawaida, hivyo tenganisha saketi ya pampu na ya tanuri ili usilazimike kununua jenereta ya kubeba yote mawili. Usifungue mlango wa tanuri. Kama rezini ilikuwa bado haijaganda na ombwe halikupotea, umeme ukirudi pandisha tena kwa utaratibu uleule, uanze upya kuhesabu muda wa kuiva, na uandike tukio hilo kwenye kadi ya kipande. Kama ombwe lilipotea wakati rezini ni majimaji, kipande hicho kisiende kwenye usukani wa mtu yeyote. Kikate vipande, uvichunguze viputo kwenye makato kwa kioo cha kukuzia, na uvitumie kuwafundishia vijana.

Ukiwa tayari kuanza, njoo Mikindani siku yenye kazi, uje na kipimo cha usukani wa mmoja wa wateja wako hao. Tutakata kigezo pamoja na kukokotoa tabaka kabla hujaagiza kitu chochote.